This Heat, London 1976–1982: lupu zao za utepe zilitengenezwaje, na mbona bendi haikudumu?

masikio_wazi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua vizuri bendi ya This Heat ya London. Nina mambo matatu.

La kwanza ni historia iliyonyooka: nani alipiga nini, walirekodia wapi, walitoa nini mwaka gani, na kilichowamaliza 1982. Habari zao nyingi zinaishia kwenye sentensi kwamba walikuwa mbele ya wakati wao, halafu basi.

La pili ni "24 Track Loop" ya albamu ya kwanza, wimbo uliojengwa kwa lupu, yaani utepe ulioungwa ncha kwa ncha ili uzunguke bila kukoma. Sitaki kuiga sauti yake, nataka kuifahamu mbinu na kuijaribu. Vifaa: rekoda ya rili ya utepe wa robo inchi, vichwa vitatu (cha kufutia, cha kurekodia, cha kusomea), kasi mbili (sm 19 na sm 38 kwa sekunde), mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) ya chaneli 8, na kompyuta. Utepe uwe na urefu gani, na ni nini huharibika?

La tatu ni dogo. Kwenye albamu ya Deceit kuna wimbo unaitwa "Makeshift Swahili". Kuna Kiswahili mle ndani?

---

kinanda_kibovu

Nianze na la tatu. Hakuna neno hata moja la Kiswahili. Mashairi ni ya Kiingereza, na mada ni watu wanaosemezana bila kuelewana. Wimbo wenyewe ni wa zamani kuliko albamu: waliupiga BBC mwaka 1977, Deceit ikatoka 1981. Ukiusikiliza kwenye albamu, mwishoni sauti inageuka ghafla kuwa chafu na ya mbali. Usipeleke sindano kwa fundi, ndivyo walivyoikata.

Sasa historia. Kiini ni watu watatu. Charles Hayward: dramu, kinanda, kuimba. Charles Bullen: gitaa, klarineti, viola, kuimba. Gareth Williams: kinanda, gitaa, besi, kuimba. Kisha wote watatu wameandikwa kuwa wanapiga "tepu". Hilo lichukulie kama lilivyo, maana kwao rekoda ilihesabiwa kuwa ala. Hayward na Bullen walikuwa wameshapiga pamoja wakiwa wawili kwa jina la Dolphin Logic, na Hayward alikuwa mpiga dramu wa Quiet Sun, bendi ya Phil Manzanera iliyotoa albamu ya Mainstream mwaka 1975. Williams hakutoka huko. Alikuwa mtu wa duka la santuri, msikilizaji mkubwa asiye na mafunzo ya ala yoyote. Wapiga muziki wawili waliokomaa wakamchukua mtu asiyejua "sahihi" ni ipi, wakampa sauti sawa na yao. Ukilikosa hilo, mengine yote kuhusu bendi hii yatakupita.

Onyesho la kwanza lilikuwa Februari 1976. Mwaka uliofuata walimpelekea John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1, kanda ya majaribio, naye akawaita. Walirekodi vipindi viwili vya redio mwaka 1977 kabla hawajatoa hata santuri moja. Kisha wakapata Cold Storage: chumba cha baridi ndani ya kiwanda kilichofungwa cha pai za nyama, Acre Lane, Brixton. Wakakifanya mahali pa mazoezi na studio. Chumba cha namna hiyo kina kuta nene zilizojazwa kizuia joto na mlango mzito, kwa hiyo unaweza kupiga dramu usiku bila ugomvi na majirani. Faida kubwa zaidi ni kwamba vifaa vinabaki vimefungwa vilevile. Maikrofoni haiondolewi, utepe hautolewi kwenye mashine, kesho unaendelea ulipoachia. Katika studio ya kukodi kwa saa, nusu ya muziki wao usingewezekana.

Albamu ya kwanza, iliyoitwa tu This Heat, yenye jalada la bluu na njano, ilitoka 1979 kwenye Piano, lebo ya David Cunningham. Cunningham na Anthony Moore walisaidia kuisimamia. Vipande vyake vilikusanywa tangu 1976 hadi 1978: vingine Cold Storage, vingine Workhouse, studio iliyokuwa Old Kent Road, vingine kwenye maonyesho. Ndiyo maana ubora wa sauti unaruka kutoka kaseti hadi mashine ya studio ya treki 24 (njia 24 za sauti sambamba kwenye utepe mmoja), wakati mwingine ndani ya wimbo mmoja. Mwaka 1980 wakatoa Health and Efficiency, santuri ya inchi 12. Mwaka 1981 ikaja Deceit, safari hii kupitia lebo ya Rough Trade.

Deceit inasikika vizuri zaidi ukijua Uingereza ya wakati ule. Desemba 1979 NATO iliamua kuweka makombora mapya ya nyuklia ya Marekani Ulaya Magharibi. Mwaka 1980 serikali ikachapisha kijitabu cha Protect and Survive, kilichowafundisha raia kung'oa milango ya ndani, kuiegemeza ukutani, kuipanga mifuko ya udongo juu yake, na kujificha chini siku 14. Watu wa rika lao walisoma maagizo hayo wakijua hayatamwokoa mtu. Albamu nzima imesimama juu ya hofu hiyo, na jalada lake ni mkusanyiko wa picha za vita na wanasiasa.

Kuhusu mwisho wao: Williams aliondoka baada ya Deceit akaenda India kusomea kathakali, mchezo wa kuigiza na kucheza wa Kerala. Hayward na Bullen walimwingiza Trefor Goronwy kwenye besi na Ian Hill kwenye vinanda, wakazunguka Ulaya mwaka 1982, kisha wakafunga. Kwa hiyo anayeandika kwamba walivunjika 1981 mara tu baada ya Deceit anaruka mwaka mzima.

Hapa naweka maoni yangu. Bendi ya kawaida ikimpoteza mpiga kinanda huajiri mwingine, akajifunza nyimbo. Hapa nyimbo zilizaliwa kwa watu watatu kukaa na kanda za mazoezi yao, kuzisikiliza, na kubishana ni sekunde zipi 40 zibaki. Goronwy na Hill waliweza kupiga sehemu za Williams jukwaani, lakini yale masikio matatu yaliyochagua hayapo tena. Ongeza kwamba kazi ya namna hiyo ni polepole mno. Albamu ya kwanza peke yake ilichukua zaidi ya miaka miwili, na mapato ya lebo ndogo hayawezi kuwalisha watu watatu kwa mwendo huo.

---

fundi_utepe

Kinanda kamaliza historia, mimi nashika utepe.

"24 Track Loop" imejengwa juu ya kipande kifupi cha mdundo wa dramu kinachozunguka bila kukoma, kikiwa kwenye mashine ya treki 24, yaani utepe wa inchi 2. Hakuna anayepiga ala unapousikia ukibadilika. Mikono iko kwenye mikisa: chaneli zinafunguliwa na kufungwa, sauti inapelekwa kwenye Harmonizer ya Eventide inayobadili kimo chake, yaani kuifanya nyembamba au nzito zaidi, inarudi. Ni mbinu ya mafundi wa dabu (rege inayoundwa upya kwenye mikisa) wa Jamaika, ila imewekwa kwenye malighafi nyingine. Wimbo una karibu dakika 6 na chanzo chake ni sekunde chache.

Kwa mashine yako, fuata hivi.

Urefu. Kasi mara sekunde. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika, vipimo viwili vya mapigo manne, ni sekunde 4. Kwa kasi ya sm 19.05 unahitaji sm 76.2, kwa sm 38.1 unahitaji sm 152.4. Usikate kwa hesabu tupu. Rekodi dramu kwa dakika tatu au nne, chagua mzunguko mzuri, kisha tafuta pigo la kwanza kwa mkono: simamisha, shika rili zote mbili, zungusha taratibu huku na huku mbele ya kichwa cha kusomea hadi usikie "ghu" ya dramu kubwa ikianza. Weka alama ya penseli ya nta kwenye mgongo wa utepe, palepale katikati ya kichwa. Fanya vilevile kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Kata kabla kidogo ya kila alama, umbali uleule pande zote mbili. Milimita 3 zinatosha. Ukikata juu ya alama kabisa unakula mwanzo wa pigo.

Utepe. Tumia mzito wa kawaida, unene wa takriban maikroni 50. Ule wa muda mrefu wa maikroni 35 unavutika, na lupu inapozunguka saa nzima huo mvutiko unasikika.

Kuunga. Kibao cha kukatia chenye mfereji, wembe mpya, gundi maalumu ya kuungia utepe (ya ukanda, si ya maji). Kata nyuzi 45. Pembe hiyo inafanya mwisho na mwanzo vipishane kidogo: utepe wa mm 6.35 kwa kasi ya sm 19 unakupa mpito wa karibu milisekunde 33, na kwa sm 38 karibu 17. Gundi iwekwe mgongoni, kamwe si upande wa sumaku, na iwe nyembamba kuliko utepe wenyewe ili isitokeze pembeni. Ile ya ofisini usiiguse. Ute wake unavuja, unashika kwenye vichwa, kisha tabaka la pili la utepe linanasa. Ncha mbili ziguse bila kupandana. Zikipandana utepe unaruka kichwani. Zikiacha mwanya unapata shimo la ukimya kila mzunguko.

(Kwa utepe wa inchi 2 nyuzi 45 hazifai. Treki ya juu na ya chini zingepishana kwa milisekunde 133 kwa kasi ya sm 38, kwa hiyo hukatwa karibu na wima.)

Mvutano. Lupu haina rili ya kuivuta, hivyo inapita kwenye vichwa, inatoka nje ya mashine, inazunguka kwenye stendi ya maikrofoni na kurudi. Funga kitu laini cha mviringo kwenye stendi, kipande cha bomba la plastiki kwa mfano, na kikae juu sawasawa na njia ya utepe. Stendi ikipanda au kushuka hata milimita 5, utepe unapanda ukingo wa kipande kinachouongoza na kukunjika. Sogeza stendi hadi utepe unyooke bila kukaza. Ukilegea, hauugusi sawasawa uso wa kichwa na sauti nyembamba zinapotea. Ukikaza, mhimili unaouendesha utepe unashindwa kuvuta na kimo cha sauti kinayumba.

Kuongeza tabaka. Ukitaka kurekodi juu ya lupu bila kufuta kilichopo, zuia utepe usiguse kichwa cha kufutia kwa kipande cha kadi laini. Jua mambo mawili. Mkondo wa bayasi (umeme wa masafa ya juu unaosaidia kurekodi) wa kichwa cha kurekodia unafuta kidogo kila unapopita, na unaanza na sauti za juu. Tabaka la kwanza litakuwa limefifia ukifika la tano. Kwa hiyo anza na kinachovumilia kufifia, mivumo na besi, matoazi yaje mwisho. Pili, wewe unasikiliza kwenye kichwa cha kusomea, ambacho utepe unakifikia baada ya kupita cha kurekodia. Kama umbali kati yao ni sm 4, tabaka jipya litaandikwa limechelewa kwa milisekunde 210 kwenye kasi ndogo, 105 kwenye kasi kubwa. Ama ukubali huo mchelewo uwe sehemu ya mdundo, na mara nyingi unapendeza, ama upige huku ukiutangulia.

---

masikio_wazi

Asante sana, mkuu. Lupu imezunguka, ila mashine inazima baada ya sekunde moja au mbili. Nikishikilia mkono wa mvutano kwa kidole inaendelea. Halafu kuna "ta!" kwenye kila mzunguko, mahali pa kiungo. Na je, nikitaka mtu apige dramu juu ya lupu, asipotee?

---

fundi_utepe

Kuzima: mkono wa mvutano una swichi ndogo chini yake. Usipobanwa, mashine hudhani utepe umekatika. Ufunge kwa raba au gundi ya karatasi katika nafasi ya "utepe upo". Mota za rili bado zitazunguka zikiwa tupu, ni sawa. Usiache rili zenye uzito mahali pake.

"Ta!": karibu kila mara ni wembe wenye usumaku. Upitishe kwenye kifaa cha kuondolea usumaku, au tumia wembe wa chuma kisichoshika sumaku, kisha unga upya. Kama bado unasikika, sikiliza sauti ilipokatwa. Kama toazi linalia upande mmoja wa mkato na upande wa pili ni kimya, hicho ni kikomo cha muziki, hakuna gundi itakayokiponya. Hamisha mkato mahali penye kelele inayofanana pande zote mbili, au palipo kimya kabla tu ya pigo kubwa, kwa sababu pigo linaficha kiungo. Lupu nyingi mbaya zimekatwa mahali pabaya na kuungwa vizuri.

Mpiga dramu: lupu haina kasi thabiti. Badiliko la asilimia 1, ambalo mvutano pekee unaweza kulileta, ni milisekunde 40 kwa kila mzunguko wa sekunde 4. Baada ya mizunguko mitano ni milisekunde 200, na hapo kila mtu anasikia. Kwa hiyo usimpe metronomu hata kidogo. Mpe spika yake mwenyewe karibu na sikio, yenye lupu tu, sauti za katikati zimepandishwa na besi imeshushwa ili isizame kwenye dramu yake. Yeye ndiye wa kuifuata mashine. Hayward alikuwa hodari wa hilo, na ndiyo sababu kubwa kwamba utepe jukwaani haukuwa pambo.

---

bimkubwa_mikisa

Naongeza upande wa kompyuta, kwa sababu si kila anayesoma ana rekoda ya rili, na kwa kusema kweli sehemu ya mikisa ndiyo yenye kazi.

Hifadhi lupu kama WAV. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, kwa hiyo lupu itajikwaa kila mzunguko na utatafuta kosa pasipo na kosa. Kata mahali wimbi linapovuka sifuri, weka mpito wa milisekunde 5 hadi 10.

Kisha inakili kwenye chaneli. Zako 8 zinatosha kabisa. 24 ilikuwa idadi ya treki za mashine ile. Angalia sauti: nakala 8 zinazofanana kabisa zikijumlishwa zinapanda desibeli 18, na 24 zingepanda karibu 28. Shusha kila chaneli kwa 18 kabla ya kufungua zote, vinginevyo unavunja kila kitu kwenye sekunde ya kwanza.

Nakala zinazofanana hazina maana, kwa hiyo zitofautishe. Chaneli ya 1 kavu. Ya 2 ibaki na chini ya Hz 150 tu. Ya 3 juu ya Hz 3,000 tu. Ya 4 nusu ya kasi, yaani inashuka oktava na inakuwa ndefu mara mbili. Ya 5 kinyumenyume. Ya 6 ichezwe kupitia spika ndogo mbovu na kurekodiwa tena kwa maikrofoni chumbani. Ya 7 imechelewa kwa milisekunde 2: ukiichanganya na ya 1 kwa kiwango sawa, Hz 250 inafutika, kisha 750, kisha 1,250 na kuendelea, ile sauti ya kutobolewatobolewa. Badilisha mchelewo taratibu kati ya 1 na 5 na matundu yanatembea.

Ya 8 ndiyo ya Harmonizer. Tumia programu yoyote ya kubadili kimo ambayo inakuruhusu kurudisha sauti iliyotoka iingie tena. Weka uwiano wa 1.06, ambao ni karibu nusu toni. Kila sauti inaporudi inapanda nusu toni nyingine, hivyo pigo moja la dramu linapaa kama ngazi. Marudisho yaanzie robo. Yakifika kamili inaanza kupiga mayowe yenyewe na haitashuka mpaka uikate. Uwiano wa 0.94 unateremka, na kwa dramu naona unafaa zaidi maana hauishii kwenye ukunga. Zile mashine za miaka ya 1970 zilikuwa na mikwaruzo kila zilipounganisha vipande vya sauti. Programu za kisasa zinaondoa mikwaruzo hiyo kwa ustadi mkubwa. Chagua programu mbaya.

Sasa mikisa. Usichore mabadiliko kwa kipanya. Rekodi mikono. Anza chaneli zote zimezimwa isipokuwa moja, acha mizunguko minne ipite, fungua ya pili katikati ya mzunguko na si mwanzoni, zima ya kwanza. Kosa la karibu kila anayejaribu ni kufungua chaneli moja baada ya nyingine hadi zote 8 ziwe zinalia, kisha hana pa kwenda. Idadi ya chaneli zilizo wazi kwa wakati mmoja isizidi tatu kwa sehemu kubwa. Rekodi dakika 20 za mikono bila kusimama, sikiliza kesho yake, toa dakika 5 au 6. Hapo ndipo unapoingia kwenye kazi yao hasa.

---

kinanda_kibovu

Nakubaliana na bimkubwa isipokuwa kwenye "24 ilikuwa idadi ya treki za mashine ile", kana kwamba idadi haina maana. Mtu mwenye vitelezi 24 mbele yake ana mikono miwili. Lazima waingie watu wawili watatu kwenye mikisa, wakipishana mikono, kila mmoja akisikia tofauti. Kwa chaneli 8 mtu mmoja anatosha na matokeo yanakuwa ya mtu mmoja. masikio_wazi, ukiwa na wenzako, gawaneni: mmoja chaneli, mmoja efekti, mmoja kasi ya utepe. Badiliko la kasi la asilimia 6 ni nusu toni, na mdundo na kimo vinakwenda pamoja. Kwa masikio yangu hakuna programu inayolileta kwa uzito uleule.

---

bimkubwa_mikisa

Sawa, hapo umenipata kwenye mikono. Kwenye uzito wa utepe bado tutabishana.

---

masikio_wazi

Nashukuru nyote. La mwisho: nisikilize kwa mpangilio gani, na kuna cha kuangalia kwenye santuri?

---

kinanda_kibovu

Anza na rekodi za BBC za 1977, zilizokusanywa kwenye Made Available mwaka 1996. Ni bendi ikipiga karibu kama jukwaani, utasikia nani anafanya nini. Kisha albamu ya kwanza, kisha Health and Efficiency, kisha Deceit. Ukianza na Deceit, kama wengi wanavyoshauri kwa sababu ina nyimbo zinazoimbika, utaisikia kama bendi ya nyimbo yenye vikorombwezo. Kuna sanduku la Out of Cold Storage la 2006 lenye karibu vyote.

Onyo moja kwa albamu ya kwanza: inaanza na mvumo wa chini sana unaodumu karibu dakika moja. Watu hudhani amplifaya haijafunguka, wanapandisha. Kisha "Horizontal Hold" inaingia kwa nguvu zote na spika zinaumia. Weka sauti kwa kipande cha katikati, rudisha mwanzo, usiguse.

Waliobaki: Hayward na Goronwy walitengeneza Camberwell Now pamoja na Stephen Rickard, aliyeshughulikia utepe, hadi 1987. Williams na Mary Currie walitoa kaseti ya Flaming Tunes mwaka 1985, laini na ya nyumbani kuliko utakavyotarajia. Williams alifariki Desemba 2001. Mwaka 2016 Hayward na Bullen walirudi jukwaani London na wapiga muziki wengine kadhaa wakijiita This Is Not This Heat, na wakakoma 2019. Jina hilo linajibu swali lako la kwanza kuliko nilivyolijibu mimi.

---

fundi_utepe

Kwenye santuri: upande wa pili wa Health and Efficiency ni "Graphic/Varispeed", ulioachwa uchezwe kwa kasi yoyote. Kutoka mizunguko 33 na theluthi kwenda 45 unapanda zaidi kidogo ya nusu toni 5. Kwenda 78 unapanda karibu 15, yaani oktava na robo. Ukicheza kwa 78 usibadilishe sindano ukaweka ile ya santuri za zamani. Mfereji hapa ni mwembamba wa kisasa, ile nene itaukwangua. Kama kichezeo chako hakina 78, usizungushe kwa kidole. Rekodi kwa 45 kwenye rili kwa kasi ya sm 19, kisha uicheze kwa 38. Inazidi 78 kidogo, sawa na mizunguko 90.